Msindikize kwa Uzi: Vidokezo vya Kumshonea Askari Aliye Misheni

Kikosi kinapopanda ndege kwenda kulinda amani, nyumbani hubaki watu ambao mikono yao haitulii. Mama, mke, mume, dada, shangazi. Tangu Machi 2013, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio namba 2098 na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikapeleka askari kwenye brigedi maalumu ya Kongo mashariki, nyumba nyingi hapa kwetu zimeonja mwaka wa kumngoja mtu aliye misheni. Wengine wamepangiwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wengine Lebanon. Majirani zetu Wakenya wana vijana wao Somalia tangu Oktoba 2011. Na baada ya shambulio dhidi ya kambi ya walinda amani wetu ya Semuliki, Kongo mashariki, Disemba 2017, hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba kazi hiyo si matembezi.

Jeshi litampa sare, buti na chakula. Foronya yenye harufu ya sabuni ya kwao haimo kwenye orodha ya stoo.

Vidokezo hivi ni vya mwenye cherehani, hata kama ni ya kuazima kwa jirani, na vya yule ambaye ana sindano na subira tu. Msimamo wangu nausema mapema: shona kitu kidogo, chepesi, kinachofulika na cha kutumika kila siku. Kitambaa cha meza kilichojaa maua na mioyo kitamfurahisha siku ya kukifungua, halafu kitalala chini ya begi mpaka arudi. Foronya atailalia kila usiku.

1. Muulize hali ya hewa, usimuulize ramani

Watu husikia "Kongo" wakafikiria joto tu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo. Usiku wake unataka sweta. Bangui ni joto la unyevunyevu, nguo haikauki upesi. Naqoura, kusini mwa Lebanon, iko ufukweni mwa bahari ya Mediterania, na kati ya Disemba na Februari kuna mvua na baridi ambayo mtu wa Mtwara hajawahi kuiona. Gedo huko Somalia ni ukame na vumbi.

Kwa hiyo kabla hujagusa mkasi, muulize akikupigia simu: usiku unajifunika nini? Nguo ukifua zinakauka siku hiyohiyo? Unaogea wapi, na vitu vyako vya kuogea unavibebea kwenye nini? Majibu ya maswali hayo matatu yanakutosha kabisa. Kambi gani hasa, wanahama lini, wako wangapi, hayo usiulize. Hayakusaidii kukata kitambaa, na yeye hatakiwi kuyasema kwenye simu.

2. Anza na foronya

Ikiwa utashona kitu kimoja tu mwaka mzima, kiwe foronya. Haichukui nafasi, inafulika, na hata anayejifunza cherehani anaimaliza kwa mchana mmoja. Askari anaweza kulala kitanda cha chuma leo na mkeka kesho, lakini shavu lake likikuta kitambaa anachokijua, usingizi unakuja na heri.

Kwa mto wa sentimita 50 kwa 70, kata kipande kimoja tu: upana 53, urefu 166. Kunja pindo la sentimita 3 kila mwisho wa urefu, ushone. Sasa umebaki na urefu wa 160. Hizo ni 70 za mbele, 70 za nyuma, na 20 za lapa litakaloingia ndani kuzuia mto usichomoke. Usiweke vifungo. Vifungo vinabana sikio usiku, na vikikatika hana wa kumshonea. Zipu ni mbaya zaidi, kwa sababu inakwaruza na vumbi likiingia inakwama.

Kwenye mbavu tumia mshono unaoficha kingo. Panga foronya kama itakavyokuwa ikikamilika, uso wa kitambaa ukiwa nje na lapa likiwa limeshakunjwa ndani. Shona kila ubavu nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza ndani nje, piga pasi mpaka mstari unyooke, kisha shona tena sentimita moja kutoka ukingoni. Ukigeuza mara ya mwisho huoni ukingo hata mmoja unaofumuka. Huna haja ya kumlipa mtu wa ovaloki, na foronya hiyo itafuliwa kwa mkono, kwa ndoo, kwa sabuni ya mche, isiachie.

Mwanzo na mwisho wa kila mshono, rudisha cherehani nyuma hatua tatu au nne. Fundi mvivu huruka hapo, na hapo ndipo nguo huanza kuachia.

3. Mto wenyewe usiutume

Kwetu pwani mto mzuri ni wa sufi, na ninaupenda. Lakini sufi ya mti wa msufi inashika moto haraka sana, haipendi kufuliwa, na ikishagandamana haifumuki tena kwa urahisi. Ni nyepesi na haizami, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya mabaharia. Hata hivyo, begi la askari si mahali pake. Isitoshe, mto uliojazwa unakula nafasi ya vitu vitatu vya maana.

Njia nzuri ni foronya ndogo ya sentimita 30 kwa 40, tupu. Ataijaza mwenyewe kwa sweta, taulo au fulana safi alizozikunja. Safarini inakunjwa ikaingia mfukoni, kambini inakuwa mto, na siku ya kurudi inabeba nguo chafu. Vipimo vyake: upana 33, urefu 96, ambapo pindo ni sentimita 2 kila mwisho na lapa ni 12. Mshono ni uleule wa foronya kubwa.

4. Soma jina la kanga kabla ya kukata

Kanga ni kitambaa bora kwa kazi hii. Ni pamba, ni laini, na iliyozeeka ni laini kuliko mpya. Kanga ya mama iliyofuliwa miaka kumi haina mpinzani shavuni mwa mtu, na inakwenda na harufu ya nyumbani ambayo duka lolote la Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, haliuzi.

Kipande kimoja cha kanga kina sentimita 150 kwa 110 hivi. Ukikikata kwa upana kinakupa foronya ndogo nne za kidokezo cha tatu, na vipande vinabaki. Shida ni kwamba ukikata hivyo unalikata jina. Herufi mbili zinakwenda foronya hii, tatu ile, na methali nzima inaharibika. Kama jina ni zuri na ungependa alisome, likate kwanza, ukanda mzima kwa sentimita 12 au 15, ulishone upande wa ndani wa lapa. Akiweka mto analiona, akilala halimkwaruzi.

Na lisome vizuri. Kanga nyingi ziliandikwa kumsema jirani, mke mwenza au wifi. Fumbo ambalo hapa mtaani ni mzaha linaweza kumkosesha usingizi mtu aliye mbali asiyeweza kuuliza ulimaanisha nini. Chagua dua, shukrani, au subira. Kama huna uhakika, chagua kanga yenye maua mazuri na ukate mbali na jina.

5. Choma nyuzi chache kabla ya kununua

Hiki ndicho kidokezo ambacho nakuomba usikiruke.

Vitambaa vingi vinavyouzwa kama pamba vina poliesta ndani. Kwa pazia si tatizo. Kwa kitu kitakachogusa ngozi ya askari ni tatizo kubwa, kwa sababu poliesta na nailoni zikipata moto mkali haziungui tu, zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mwaka 2006 kikosi cha Marine cha Marekani kilipiga marufuku askari wake waliokuwa Iraki kuvaa fulana za nyuzi za viwandani wanapotoka nje ya kambi, baada ya madaktari kuona majeraha ya namna hiyo yalivyokuwa mabaya.

Jaribio lake ni jepesi. Omba kipande kidogo dukani, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, ziwashe juu ya sahani. Pamba inawaka, inanuka kama karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini linalopeperuka ukilipuliza. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kubaki na tone gumu kama shanga. Ukipata vyote viwili, jivu na tone, ujue umeuziwa mchanganyiko. Muuzaji asiyekukubalia upime nyuzi tatu amekwisha kukujibu.

Kwa kazi hii nunua popilini ya pamba, flanana ya pamba kwa penye baridi, kanga, kitenge cha pamba, au marekani. Huyo marekani, ile nguo ngumu isiyopaushwa, ndiye aliyekuja Zanzibar karne ya kumi na tisa kwenye merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mpaka leo ni imara kwa mifuko na kwa bitana. Uzi wa kushonea tu ndio ninaoukubali uwe wa poliesta, maana ni kidogo sana na unavumilia jua na kufuliwa.

6. Loweka kwanza

Pamba mpya hurudi. Mita moja inaweza kupoteza sentimita tatu hadi tano siku ya kwanza ya kufuliwa, na foronya uliyoipima vizuri ikamkatalia mto huko huko ugenini. Loweka usiku kucha, fua, anika, piga pasi, ndipo ukate. Kama maji yanatoka na rangi, rudia mpaka yawe meupe. Askari anafua nguo zake pamoja kwenye ndoo moja. Usimtumie kitambaa chekundu kitakachomgeuzia fulana zote kuwa waridi.

7. Usiguse kombati

Kila mwaka kuna mtu anadhani atamfurahisha askari kwa kumshonea kibegi cha kitambaa cha mabakamabaka. Usifanye hivyo. Tanzania raia haruhusiwi kuwa na mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo. Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku saba kwa wote waliokuwa nayo wayasalimishe. Kenya nayo ina katazo kama hilo. Utajitia matatani wewe uliyekuwa na nia njema, na yeye hana shida na mabaka, anayavaa kila siku.

Tumia kijani cha majani makavu, kahawia, bluu ya usiku, kijivu. Kitu chake cha kulalia kinaweza kuwa na rangi unayotaka, ila chochote anachoweza kutoka nacho nje kisiwe cheupe, kisiwe na vitu vinavyometa, na kisiwe na velkro. Velkro ikifunguliwa usiku inasikika hema zima.

8. Kijaluba cha sindano kitamfaa kila wiki

Askari wa Uingereza wa vita vyote viwili vya dunia walibeba kipochi cha kitambaa chenye sindano, uzi na vifungo, na kwa kweli sijui kitu kidogo chenye faida zaidi. Kifungo cha kombati kikikatika saa kumi alfajiri, na gwaride ni saa kumi na mbili, kijaluba hicho ni rafiki.

Kata marekani au khaki, sentimita 12 kwa 30, pamoja na bitana ya ukubwa huohuo. Unganisha uso kwa uso ukiacha nafasi ya kugeuzia, geuza, piga pasi. Kunja sentimita 9 za chini kwenda juu, ushone mbavu; huo ni mfuko wa vifungo. Juu yake shonea kipande cha flanana kwa upande mmoja tu, kama ukurasa wa kitabu. Sindano zinachomekwa hapo na hazipati kutu upesi. Mwisho weka kamba mbili za kufungia.

Ndani yake tia sindano nne za ukubwa tofauti, moja iwe nene ya kupenya khaki. Uzi usiutie na kibiringo chake; uzungushe kwenye vipande vya karatasi ngumu: kijani, mweusi, kahawia, mweupe. Tia vifungo sita, pini tatu za kufunga, na lastiki ya nusu mita. Lastiki watu huisahau. Mkasi usiutie kama mzigo unakwenda kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, utachukuliwa uwanjani. Atakuwa na kisu chake.

Kama anayepokea hajawahi kushika sindano, mpitishie uzi kwenye sindano mbili kabla ya kufunga. Utakuwa umemwokolea dakika ishirini za kuhangaika na tochi.

9. Kitambaa cha kupozea shingo kinategemea hewa

Wamarekani walipokuwa Iraki na Afghanistan, vikundi vya kina mama huko kwao vilishona vitambaa vya shingo vyenye chembechembe za polima ndani, zile zinazokunywa maji mara mamia ya uzito wake. Unakiloweka kitambaa, chembe zinavimba, unakifunga shingoni, na maji yanapokauka polepole yanachukua joto la mwili.

Sikiliza hapo: yanapokauka. Penye hewa kavu kama Gedo kitambaa hicho ni neema. Kismayu, pwani ya Somalia, bahari ikipumua unyevu mchana kutwa, au kwenye misitu ya Kongo, maji hayakauki na askari anabaki na kitu kizito chenye maji shingoni na vipele juu yake. Hapo mpe kitambaa kikavu cha jasho, pamba nyembamba ya sentimita 55 kwa 55 yenye pindo jembamba la pande zote nne. Kinafuta jasho, kinaziba pua wakati wa vumbi, kinafunga kidonda kwa dharura. Mpe vitatu, maana vinapotea.

Ukishona vya polima, kata sentimita 20 kwa 110, kunja katikati kwa urefu, shona, geuza. Gawa sehemu ya katikati vijumba vinne kwa mishono ya kukatiza, na kila kijumba kipate robo ya kijiko cha chai cha chembe. Utaona ni kidogo mno ukaongeza. Usiongeze. Chembe zikinywa maji zinapasua mshono.

10. Kuna dada zetu kwenye kikosi

Tunapozungumza juu ya askari mawazo yanakwenda kwa kijana wa kiume, na vifurushi vinashonwa hivyohivyo. Vikosi vyetu vya kulinda amani vina wanawake, na wana mahitaji ambayo hakuna anayewauliza.

Pedi za kufua ndizo za kwanza. Juu flanana ya pamba, katikati tabaka mbili au tatu za taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji, mabawa mawili yenye kifungo cha kubana. Urefu sentimita 25 kwa mchana, 30 kwa usiku. Shona za rangi nyeusi au zenye maua meusimeusi, kwa sababu ataanika kambini mahali ambapo wenzake wanapita, na hataki macho. Ziwe sita au nane, na kifuko chenye bitana ya plastiki cha kubebea zilizotumika mpaka apate maji.

Kingine ni kofia ya satini ya kulalia. Nywele zake zinashinda ndani ya helmeti siku nzima. Ndiyo, nimesema pamba tu, na satini nyingi ni poliesta. Hii ni ya kitandani, asitoke nayo. Mduara wa sentimita 56, pindo la sentimita 2, lastiki ya mzingo wa kichwa chake ukipunguza sentimita 5.

Na mume au kaka wa askari huyo, cherehani haijawahi kumkataa mwanamume. Mafundi wengi wa mitaani kwetu ni wanaume. Kaa ushone.

11. Kofia na soksi kwa wa Lebanon na Goma

Ukifuma kofia ya kuvaa chini ya helmeti, iwe nyembamba, isiwe na kishada juu wala mshono mnene. Tuta dogo chini ya chuma, saa nane baadaye, ni kichwa kinachouma. Soksi nazo, angalia vidole. Kuna njia ya kufunga ncha ya soksi bila kuacha mshono, na Waingereza waliiita kwa jina la Lord Kitchener, waziri wao wa vita mwaka 1914. Mtu anayetembea doria na buti ataithamini njia hiyo kuliko rangi uliyochagua.

12. Darizi herufi mbili, basi

Unatamani kuandika jina lake kamili, namba yake ya jeshi, kikosi, na "Misheni ya Kongo 2025". Naelewa. Lakini kitu kikipotea kinaokotwa na mtu usiyemjua. Darizi herufi mbili za mwanzo, au alama ambayo ninyi wawili mnaijua: samaki, mnazi, nyota.

Kama kuna mtoto nyumbani, mlaze kiganja juu ya kitambaa, kizungushie kwa penseli, kisha upitie mstari huo kwa bandi ndogondogo za uzi wa rangi. Ni kazi ya nusu saa. Shona kipande hicho upande wa ndani wa foronya. Kabla hajaondoka tena kwenda doria ndefu, mkono wake na wa mwanawe itakutana hapo.

Usidarizi msalaba mwekundu, hata kwenye kifuko cha dawa. Alama hiyo, pamoja na hilali nyekundu, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na wanaoruhusiwa kuitumia vitani ni wahudumu wa tiba na Msalaba Mwekundu wenyewe. Weka jani la mwarobaini. Atajua ni dawa. Bendera ya taifa nayo iache begani mwake inapostahili.

13. Usifiche kitu ndani ya mshono

Najua mama anatamani. Noti iliyokunjwa, dua iliyoandikwa, hirizi, udongo wa nyumbani. Mizigo hukaguliwa, na mkaguzi akihisi kitu kigumu ndani ya pindo hatauliza, atachana. Foronya itafika imepasuliwa na askari ataulizwa maswali mbele ya wenzake. Kama ni dua, iandike kwenye karatasi, iweke juu kabisa, wazi. Udongo na mbegu viache. Kwenye mipaka mingi haviruhusiwi kupita.

14. Ujue mzigo unapita njia gani

Mara nyingi kifurushi husafiri na mwenzake anayerudi kutoka likizo, au na kundi linalokwenda kupokezana. Mtu huyo ana begi lake na kilo zake. Funga kitu kilichokunjwa bapa, kisichozidi kilo moja, ndani ya mifuko miwili ya plastiki kwa ajili ya mvua. Juu andika kila kilichomo, ili anayebeba ajue anabeba nini na asione aibu kuulizwa. Uliza mapema kwenye kambi anayotoka kama kuna utaratibu wa familia. Ukiwepo, ufuate huo. Na kama unalenga Idi au Krismasi, maliza kushona miezi miwili kabla.

15. Shona viwili

Kila hema lina mtu ambaye hakuna anayemtumia kitu. Wazazi walishafariki, au ndoa ilivunjika, au kwao ni mbali na hela hakuna. Siku ya vifurushi hujifanya amelala. Kitambaa unacho, cherehani imeshawashwa, foronya ya pili inakuchukua saa moja. Usiandike jina la mtu. Andika "kwa mwenzako", naye atajua ni nani.

Kama mtaani kuna kina mama wa kikoba au wa jumuiya, waite. Japani, tangu vita vyao vya mwisho wa karne ya kumi na tisa, mwanamke aliyekuwa na mtu jeshini alisimama barabarani au kituo cha treni na ukanda wa kitambaa, akiomba kila mwanamke anayepita atie fundo moja la uzi mwekundu, mpaka yakafika mafundo elfu moja. Nanyi kila mmoja atie wake. Mshono wa shangazi umepinda, wa bibi ni mkubwa, wa binti wa darasa la tano umerudi nyuma. Usiurekebishe.

16. Kikubwa kisubiri nyumbani

Blanketi la vipande ni zawadi nzuri mno, na kambini halina pa kukaa. Catherine Roberts, Mmarekani ambaye mwanawe alikuwa Iraki, alianzisha mwaka 2003 kazi ya kushona mablanketi ya namna hiyo kwa ajili ya askari walioguswa na vita, na mengi hukabidhiwa mtu akiwa amekwisha kurudi. Wazo lake ni sahihi. Miezi ya kwanza nyumbani usingizi unaweza kuwa mgumu kuliko huko alikotoka, na mtu mzima haombi kufunikwa. Akikuta limetandikwa, atalitumia.

Tunza mabaki ya kila ulichomshonea mwaka huo: kanga, flanana, popilini. Yakate miraba ya sentimita 15 kwa 15. Kwa mshono wa sentimita moja kila upande, mraba unabaki 13. Miraba 11 kwa upana na 15 kwa urefu inakupa sentimita 143 kwa 195, yaani miraba 165. Ukishona mitatu kwa wiki tangu aondoke, mwaka ukiisha umebakiwa na tisa tu. Unganisha mistari ya upana kwanza, ukilaza mishono ya mstari mmoja kulia na ya unaofuata kushoto ili isipandane ikawa tuta. Nyuma weka flanana moja nzima iliyolowekwa na kukauka, na badala ya kuhangaika kushona juu ya tabaka zote, funga fundo la uzi mnene kila mahali zinapokutana kona nne za miraba. Nyuzi zilizobaki zikate sentimita mbili kutoka kwenye fundo, zisichomoke kwenye kufuliwa.